Breki na mafuta ya mkono kwenye gari la njia mbovu: mwongozo kwa Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu, wa kufunga breki na mafuta ya kuendeshwa kwa mkono badala ya mguu, ni wa dereva ambaye mikono yake ni mizima lakini miguu haifanyi kazi, na fundi atakayemfungia gari. Anaweza kuwa alipata polio utotoni, aliumia uti wa mgongo, au amekatwa miguu yote miwili. Gari lenyewe litapita Isyonje kwenda Kitulo, litaingia vijiji vya Kilolo wakati wa masika, na siku moja litashuka Kitonga likiwa na mzigo. Kwa hiyo anza na breki. Wateja wengi hufika gereji wakiulizia mafuta, maana wanawaza namna ya kuondoka, lakini kwenye milima hii kuondoka si tabu.

Aliyekatwa mguu wa kushoto tu anunue gari la oto, aendeshe. Halihitaji kuongezwa chochote. Aliyekatwa wa kulia ahamishiwe pedeli ya mafuta kushoto mwa breki, na ile ya zamani iwekewe kizuizi. Hiyo ni kazi ya siku moja na haihusiani na mengi ya hapa chini.

Pima mtu kwanza

Chukua mizani ya kupimia uzito wa mwili, ile bapa ya kukanyaga. Mkalishe dereva kwenye kiti cha gari lenyewe, mizani ishikiliwe mbele yake juu ya ubao imara, kimo cha usukani. Asukume kwa mkono wa kulia peke yake, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo, ashikilie kwa sekunde 10. Andika kilo alizoshikilia mpaka mwisho. Zile za kishindo cha kwanza zisikudanganye.

Unatafuta kilo 20. Hesabu yake ni hii: gari dogo lenye breki nzima halitakiwi kuhitaji zaidi ya kilo 50 hivi kwenye pedeli ili lisimame kwa nguvu. Wenzo, yaani ule mkono wa chuma utakaofunga, unaosukumwa kupata breki na kuvutwa kupata mafuta, ukiwa wa moja kwa tatu, kilo 17 za mkono zinafika kwenye pedeli zikiwa 50 na kidogo. Kilo 3 zinazobaki ni akiba ya uchovu. Asiyefikisha hata kilo 17 asifungiwe wenzo wa kawaida kwa ajili ya milima. Anahitaji mfumo wenye msaada wa umeme au wa upepo, na huo si wa kubuni gereji.

Pima pia mwili. Mwambie aachie mikono yote miwili, kisha umsukume bega taratibu kulia na kushoto. Akianguka upande bila kujizuia, mkanda wa kifua na viegemeo vya ubavu ni lazima, na vifungwe kabla hajajaribu gari hata uwanjani. Uliza kama miguu yake hukakamaa au kurusha yenyewe. Jibu hilo litaamua kizuizi cha miguu mbele ya pedeli.

Gari gani

Oto, usukani wa pawa, na siti isiyopita kimo cha kiti mwendo kwa zaidi ya sentimita 20. Viti mwendo vingi vina kimo cha sentimita 48 hadi 50 pamoja na mto. Nenda na futi ya fundi, upime siti ikiwa imekaliwa, maana sponji hushuka.

Suzuki Escudo ya umbo la 2005 hadi 2015 inafaa sana. Ina 4L, yaani gia nzito ya magurudumu manne, na unaiingiza kwa swichi ya kuzungusha kwenye dashibodi. Escudo za kabla ya hapo, na Prado za zamani, zina gia ya pili ya sakafuni inayotaka kuvutwa kwa nguvu, na dereva asiye na uimara wa kiuno huinama kuifikia akakosa namna ya kuinuka. RAV4 ni rahisi kupanda na vipuri vyake havikosekani Mwanjelwa (Mbeya) wala Ipogolo (Iringa), ila haina 4L, kwa hiyo kwenye miteremko mirefu yenye utelezi breki ndiyo hubeba kazi yote. Land Cruiser za mkonga na Defender zinapendwa, lakini nyingi ni za klachi na siti zao ziko juu mno. Kufunga klachi ya mkono, breki ya mkono na mafuta ya mkono kwa mtu mmoja mwenye mikono miwili ni kumtafutia ajali.

Kuna wanaouliza habari ya kuingiza kiti mwendo kizima kwa ngazi ya mteremko nyuma ya hardtop. Sakafu ikiwa na kimo cha sentimita 75, hata mteremko mkali wa moja kwa sita unataka ubao wa mita 4 na nusu. Hamisha mtu kutoka kiti hadi siti, ndiyo njia.

Breki

Vifaa: bamba la chuma la milimita 6 kwa ajili ya kitako cha kubeba wenzo; nondo laini, isiyo na michirizi, ya milimita 12; bomba la chuma ambalo nondo hiyo inapita ndani bila kubana wala kucheza sana; rod endi (viungo vya mwisho wa nondo vinavyogeuka) nne za milimita 10; bolti za ugumu wa 8.8, za milimita 8 na 10. Nati zenye nailoni ndani. Chagua bolti za Kijapani za spana 12 na 14. Gari lako limejaa spana hizo hizo, na siku bolti ikilegea Makete utasaidiwa na mtu yeyote mwenye pikipiki na mfuko wa spana.

1. Toa waya hasi wa betri, subiri dakika 2 kamili. Eabegi ina chaji inayobaki. Ukichomelea kitu chochote gari likiwa na betri, unaweza kuua kompyuta.

2. Ondoa plastiki ya chini ya dashibodi, utafute bomba nene la chuma linalopita kutoka mlango hadi mlango. Kitako cha wenzo kifungwe kwenye bomba hilo kwa vibano. Kisifungwe kwenye mhimili wa usukani. Mhimili umetengenezwa ujikunje ajali ikitokea, na ukiuchomelea au kuutoboa unakuwa mkuki unaomwelekea dereva kifuani.

3. Weka egemeo la wenzo, yaani pini unayozungukia, chini ya mhimili, wenzo utoke kuelekea mlangoni, yaani kulia. Kutoka katikati ya egemeo hadi kishikio iwe sentimita 30. Nondo ya breki ishike kwenye wenzo sentimita 10 kutoka egemeo, upande huo huo wa kishikio. Hiyo ndiyo moja kwa tatu.

4. Usishawishike kwenda moja kwa nne ili breki iwe laini. Pedeli hushuka sentimita 5 hadi 6 breki ikikamata kweli, kwa hiyo kwenye moja kwa tatu kishikio kinasafiri sentimita 15 hadi 18. Kwenye moja kwa nne kinafika 24, mkono unanyooka wote, na mkono ulionyooka hauna nguvu ya ziada.

5. Kibano cha pedeli kikae juu kidogo ya kikanyagio, mabamba mawili na bolti mbili za milimita 8. Kikikaa hapo, hata kikilegea kitateremka na kuzuiwa na kikanyagio chenyewe. Usichomelee pedeli.

6. Nondo ya breki iwe vipande viwili: nondo inayoingia ndani ya bomba, na mwisho wa bomba uzibwe kwa chuma kilichochomelewa imara. Ukisukuma wenzo, nondo inagonga kizibo na pedeli inashuka. Ukivuta wenzo upate mafuta, nondo inarudi nyuma ndani ya bomba sentimita 5 bila kugusa pedeli. Bila nafasi hiyo wenzo hautavutika kabisa, kwa sababu pedeli ya breki tayari iko juu mwisho. Nondo iingie ndani ya bomba sentimita 8 au zaidi, isije ikachomoka.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni fundi kutumia flatibaa ya milimita 25 kwa 3 badala ya nondo, kwa kuwa ni rahisi kutoboa. Kwenye urefu wa sentimita 45, flatibaa hiyo ikisukumwa hupinda katikati kwenye kilo 55 au 60. Kila siku utaiona inafanya kazi vizuri, kwa sababu kila siku unatumia kilo 15. Siku ng'ombe anakatiza barabara ndipo inapopinda. Nondo ya milimita 12 iliyonyooka, kwa urefu huo huo, haifiki hata karibu na kupinda. Ikiwa lazima ikwepe kitu, hamisha kitako. Ukiikunja nondo umeiondolea nguvu yake.

Jambo la pili ni mwinuko wenyewe. Servo ya breki, yaani kile chombo kinachoongeza nguvu ya kukanyaga, inafanya kazi kwa tofauti ya hewa ya nje na utupu wa ndani. Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, hewa ni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na Kyela, na msaada wa servo unapungua hivyo hivyo. Mwenye mguu hasikii tofauti. Mwenye mkono anaisikia. Gari likifungwa bondeni, lipandishwe likapimwe juu kabla hujakabidhi funguo.

Mafuta

Nondo ya mafuta hushika upande wa pili wa egemeo, sentimita 10 kutoka katikati. Kwa kuwa iko upande wa pili, ukivuta kishikio kuja tumboni, nondo inakwenda mbele na kukanyaga pedeli. Kishikio kitasafiri kama sentimita 15 hadi mafuta yote. Wengine wataona ni mwendo mrefu. Uache, kwenye tope mwendo mrefu ndio unaokuwezesha kutoa mafuta kidogo kidogo bila tairi kuzunguka bure.

Hapa pia weka nondo ndani ya bomba, na nafasi ya sentimita 7, ili ukisukuma breki mpaka mwisho nondo isivute pedeli ya mafuta nyuma na kuivunja. Magari ya karibuni yana pedeli ya plastiki yenye sensa. Usikate waya wowote. Nondo isukume kibamba kidogo kilichokaa juu ya pedeli, basi.

Rod endi za mafuta ziwe laini kabisa kwa mkono. Kuna mafundi wanaotumia linki za stabilaiza kwa sababu zinapatikana kila duka. Zikiwa mpya ni ngumu, na pedeli ya mafuta ina springi nyepesi isiyoweza kuzirudisha: unaachia kishikio, gari linaendelea kuvuta. Ongeza springi ya kurudisha kwenye wenzo wenyewe hata kama unaona pedeli inarudi vizuri.

Zipo aina za wenzo ambazo mafuta hutolewa kwa kushusha kishikio kuelekea paja. Mjini ni nzuri na haichoshi. Kwenye barabara yenye mistari kama bati, mkono unadunda juu chini na injini inaunguruma na kukata kwa mdundo huo huo. Kuvuta ni afadhali, mradi kifua kimefungwa, kwa sababu mwili ukirushwa nyuma nao unavuta mafuta. Toboa pia tundu moja la pini kwenye kitako: pini ikiwekwa, wenzo unavutika nusu tu. Iweke kila unapoingia 4L.

Kizuizi cha miguu: bamba jembamba lililoinama mbele ya pedeli, lenye bawaba, limefungwa kwa pini mbili za kuchomoa ili dereva mwingine aweze kuendesha kwa miguu. Pedeli za breki na mafuta zibaki na nafasi ya kushuka nyuma yake. Miguu inayokakamaa ifungwe pia kwa mkanda mpana kwenye kisigino, usiobana.

Usukani

Mkono wa kulia ukiwa kwenye wenzo, wa kushoto ndio unaoendesha peke yake, kwa kirungu kinachofungwa kwenye duara la usukani, upande wa kushoto juu, pale kwenye namba 10 ya uso wa saa. Chagua kirungu cha kuchomoka. Kwenye magari ya Kijapani swichi ya indiketa iko kulia, kwa hiyo kidole cha mkono wa wenzo kinaifikia. Hakikisha tu wenzo ukisukumwa mwisho hauigongi. Kisha zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho, wenzo ukiwa umesukumwa, ukiwa katikati na ukiwa umevutwa, uone kirungu hakikwami popote.

Kwenye mawe kirungu ni kitu cha kuheshimu. Tairi la mbele likigonga jiwe, usukani hujizungusha ghafla na kirungu hupiga kifundo cha mkono. Kishike kwa kiganja, vidole vikiwa vimelegea, dole gumba likiwa nje. Stiaringi dampa, ile shokamzoba ya usukani, ikichoka ibadilishwe kwenye gari lililo nayo.

Mwili, siti na baridi

Mkanda wa kifua, upana wa sentimita 8 hadi 10, ufungwe kwenye siti na uje juu ya mkanda wa gari. Wa gari haubadilishwi na chochote. Mto wa kiti mwendo usihamishiwe kwenye siti bila kupima tena kimo: sentimita 7 za mto zinahamisha mkono kutoka kwenye kishikio na kichwa kukaribia paa.

Asiyehisi miguu huungua bila kujua. Julai, Makete ikiwa na sakitu, dereva anafungua hita ya miguuni, hewa ya moto inapiga kifundo kimoja kwa saa mbili. Ziba tundu la hewa la miguuni upande wa dereva, au ligeuze. Zulia nene liwekwe mahali mguu unapogusa ubavu wa gia, kwa sababu chuma cha hapo hupata moto kwenye kupanda kurefu. Kila nusu saa simama, ajiinue kwa mikono aondoe uzito makalioni. Kwenye njia yenye mitikisiko iwe dakika 20. Vidonda vya mgandamizo huanza kwa wekundu usioondoka, na kupona kwake ni miezi.

Kupanda na kushuka

Ubao wa kuhamia: plaiwudi ya milimita 18, urefu sentimita 75, upana 25, kingo zimepigwa msasa mpaka zikawa duara, vanishi kotekote. Ukilowa, ngozi inanata na kuvutika, hivyo beba kipande cha kitambaa cha nailoni cha kutandika juu. Kishikio imara kifungwe kwenye nguzo ya mbele ya mlango.

Egesha upande wa dereva ukiwa mlimani, kiti mwendo kikae juu ya mteremko. Kwenye mteremko wa asilimia 10, kiti kilicho sentimita 80 kutoka tairi kinapata sentimita 8 za bure. Tatizo lake ni mlango: gari likiwa limeinama kwenda bondeni, mlango wa upande wa juu hujifunga, na hujifunga mtu akiwa katikati ya ubao. Funga kamba fupi yenye ndoano kutoka ndani ya mlango hadi kishikio cha fenda, ikaze kabla ya kuweka ubao. Kiti kifungwe breki na gurudumu moja likingwe kwa jiwe.

Majaribio, kwa mpangilio huu

Injini ikiwa imezimwa, sukuma wenzo mara tano kumaliza utupu wa servo, kisha mtu mwenye nguvu ausukume kwa uwezo wake wote. Mwingine alale chini ya dashibodi na tochi. Kitu kikipinda, kikiteleza au kikilia, rudi mezani.

Washa. Achia wenzo, nenda nyuma ya gari uangalie taa za breki. Zikibaki zinawaka, uzito wa wenzo unashusha pedeli kidogo na breki zinashika muda wote. Ukiacha hivyo, utafika chini ya Kitonga, upande wa Ruaha Mbuyuni, rimu zikinuka na breki zikiwa laini kama sponji. Springi ya kubeba wenzo inamaliza tatizo hilo.

Uwanjani, kilomita 20 kwa saa, simamisha mara kumi. Halafu mlimani: kwa mkono mmoja huwezi kushika breki na kutoa mafuta kwa pamoja. Vuta handibreki kwa kushoto, weka D, vuta wenzo mpaka pua ya gari iinuke kidogo, shusha handibreki, rudisha mkono kwenye kirungu. Afanye mara ishirini, mpaka mkono uende bila kufikiri. Wa mwisho ni mteremko mrefu: gia 2 au L kutoka juu kabisa, wenzo usukumwe kwa vipindi vifupi. Mteremko wa Iwambi, Mbeya, utakuonyesha kama bega lake linastahimili.

Tope

Asiyeweza kushuka afunge kamba ya kuvutia kabla ya kuingia, mbele na nyuma, kwenye ndoano za chasisi. Ncha ya kamba ya mbele ipitishwe juu ya boneti na ifungwe kwa mpira kwenye kioo cha pembeni, upande wa dirisha lake, ili anayekuja kusaidia apewe ncha mkononi. Upepo usipunguzwe kwenye tairi kama hakuna mtu wa kuurudisha. Pampu ya volti 12 ibebwe hata hivyo. Filimbi na simu yenye chaji vikae mfukoni, sio kwenye dashibodi, kwa sababu gari likilala ubavu vitaangukia upande ambao hafiki. Kiti mwendo kifungwe kwa mikanda miwili, magurudumu yakitolewa yafungwe pamoja nacho.

Kuhusu karatasi: kabla kazi haijaanza, mwonyeshe mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani mchoro na picha, na uijulishe bima kwa maandishi, maana mabadiliko yasiyotajwa yanaweza kuwa sababu ya kunyimwa fidia. Kama gari linaagizwa nje likiwa tayari na vifaa, ulizia TRA msamaha wa ushuru kabla halijapakiwa melini. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 ina nafasi kwa magari yaliyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu.

Baada ya kilomita 100 za kwanza za vumbi, kaza bolti zote upya na uchore mstari wa rangi kutoka nati hadi bamba. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Ukaguzi huo ufanywe kila mwezi, na kwenye sanduku la gari ziwepo rod endi mbili, nati sita za nailoni, springi moja ya mafuta, spana 12 na spana 14.